Kukataa Maombi Makubwa Kupita Kiasi katika Seva za Wavuti: Kikomo, Msimbo na Lugha ya Ujumbe

1.0 Utangulizi

Huduma za umma zinapohamia mtandaoni, mwananchi hutakiwa kupakia vyeti, picha na nyaraka nyingine. Seva isiyo na kikomo cha ukubwa wa maombi yaweza kujazwa diski au kuishiwa kumbukumbu kwa maombi machache tu, yawe ya hila au ya bahati mbaya. Makala haya yanafafanua utendaji wa kikomo hicho na kutetea hoja kwamba ujumbe wa kukataa ni suala la sera, si la ufundi pekee.

2.0 Utendaji wa Kikomo

Itifaki ya HTTP imetenga msimbo 413 kwa ombi ambalo mwili wake unazidi kiasi ambacho seva iko tayari kupokea. Kwa kawaida seva husoma kwanza kichwa cha Content-Length, kinachotangaza idadi ya baiti. Ikizidi, ombi hukataliwa kabla ya mwili kupokelewa. Ombi likija vipande vipande bila kutangaza ukubwa, seva hulazimika kuhesabu baiti zinavyoingia na kukatiza pale kikomo kinapovukwa.

Vikomo vya awali hutofautiana sana. Nginx huanza na megabaiti 1. Apache HTTP Server haikuwa na kikomo hadi toleo 2.4.54, lilipoweka gigabaiti 1. Aidha, ombi hupita tabaka kadhaa, na kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Hivyo, ukurasa wa kosa ulioandaliwa ndani ya programu hautaonekana kamwe iwapo seva iliyotangulia imekwisha kukataa.

3.0 Ujumbe wa Kosa

Ujumbe wa awali wa seva nyingi ni mstari mfupi wa Kiingereza usiotaja kikomo wala suluhisho. Seva zote mbili zilizotajwa huruhusu ukurasa mbadala, kwa mfano: “Faili lako limezidi megabaiti 5. Tafadhali lipunguze, kisha ulitume tena.” Ukurasa huo sharti uambatane na msimbo 413, ukitumwa na msimbo 200, programu zinazowasiliana na seva zitadhani faili limepokelewa.

Hata hivyo, seva ikifunga muunganisho mteja angali anatuma, kivinjari huweza kuonyesha hitilafu ya mtandao badala ya ujumbe. Mwombaji atalaumu mtandao, atajaribu tena na tena, na kupoteza fedha za data. Kwa hiyo fomu nayo ipime faili kabla ya kutuma. Upimaji huo humsaidia mtumiaji mwema. Haumzuii mshambuliaji, ambaye aweza kuikwepa fomu kabisa.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba miongozo ya huduma za kidijitali iagize mambo matatu: kikomo kimoja kinachooana katika tabaka zote, kikomo hicho kitajwe kwenye fomu, na ujumbe wa kosa uandikwe kwa Kiswahili fasaha. Mwananchi aliyekataliwa bila kuelezwa sababu amenyimwa huduma, hata kama seva imesalimika.