Mwenye Kichwa cha Ndovu

Wazee wa Kisegi, kandokando ya Ziwa Victoria, walimjua Mhindi kwa duka lake tu. Mkulima aliyekwenda Homa Bay kununua chumvi pengine aliona picha ya mtu mwenye kichwa cha ndovu, imetundikwa juu ya sanduku la fedha, akaenda zake bila kuuliza.

Huyo ni Ganesh. Wahindu husimulia (wala si kila Mhindi ni Mhindu) kwamba mama yake, Parvati, alimweka mlangoni alipokuwa akioga. Baba yake, Shiva, aliporudi, alizuiwa na mtoto asiyemjua, akamkata kichwa kwa hasira. Alipoona msiba wa mkewe aliagiza kichwa cha kiumbe cho chote kitakachoonekana kwanza, nacho kikawa cha ndovu. Tangu hapo Ganesh ndiye mwondoa vizuizi, huombwa kabla ya kazi yo yote kuanzwa. Ndiyo sababu alikaa dukani.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanya biashara wa Gujarat walisambaa ziwani pamoja na hadithi hizo. Ufundi wao wa kuchonga ulifuata baadaye. Hekalu la Swaminarayan, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999, ni la mawe ya manjano ya Jaisalmer yaliyochongwa India, yakaletwa vipande vipande na kuunganishwa. Wachongaji wa Tabaka, katika nchi ya Kisii, wangeitambua kazi ya patasi ile.