Khanga ya Marehemu Mama: Je, ni Kosa Kuitunza?

Kila mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wote, baadhi ya waamini huniuliza: “Baba, khanga ya marehemu mama ningali nayo sandukuni. Je, natenda dhambi?”

Hapana. Tusome Matendo ya Mitume 9:36-42. Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walimzunguka Mtume Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Petro hakuwakemea. (Aliwatoa nje, ni kweli, ila apate kupiga magoti na kusali.) Nguo zile zilikuwa ushuhuda wa upendo, na machozi yale hayakuwa upungufu wa imani.

Mipaka ipo. Hati *Ad resurgendum cum Christo* ya mwaka 2016 inakataza majivu ya marehemu kugeuzwa vito au vitu vya ukumbusho, kwa kuwa mwili unangojea ufufuko. Vilevile, khanga isiwe chombo cha kupiga ramli ili kuzungumza na marehemu. Hapo kumbukumbu imegeuka ushirikina.

Mtakatifu Monika, kabla ya kufariki huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaikie mahali pa kumzika. Aliomba jambo moja tu: wamkumbuke altareni pa Bwana. Basi jifunge khanga hiyo siku ya kumbukumbu yake, upite ofisi ya parokia kuandikisha nia ya Misa, nasi tutalitaja jina lake.