Matope ya Shambani na Rangi za Furu

Mwulizeni mvuvi ye yote wa Mwanza kwa nini furu wamepungua, atawajibu neno moja tu: sangara. Hakukosea. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, akazidi mno miaka ya 1980, akawala furu wengi sana. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inatoka mashambani kwetu.

Furu ni samaki wadogo wa aina nyingi. Wataalamu hukisia kuwa ziwani mlikuwa na aina zaidi ya 500. Mbili nataka mzijue. Ya kwanza huitwa Pundamilia pundamilia, na dume wake ni wa buluu. Ya pili ni Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na dume wake ni mwekundu mgongoni. Majike wao ni wa rangi hafifu, tena wanafanana. Wote huishi kwenye miamba ile ile, na wakipandana huzaa. Kinachowatenga hasa ni macho ya jike: huyu humtaka wa buluu, yule humtaka mwekundu.

Sasa tazameni kilima kilicholimwa mpaka ukingoni mwa maji. Mvua ikinyesha, udongo na mbolea huteremka. Palipo na mafunjo na matete, maji hupunguza mwendo kati ya mashina yake na tope hutua. Yakifyekwa, tope huingia ziwani moja kwa moja, na mbolea hulisha mwani hata maji yakawa ya kijani. Katika maji ya namna hiyo mwanga wa buluu humezwa kwanza; chini hubaki wa manjano na mwekundu. Basi jike atachaguaje?

Karibu na kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, aina hizo mbili ziko mbalimbali. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, penye kisiwa cha Luanso, maji ni ya tope na samaki wamechanganyika, hata huwezi kusema huyu ni yupi. Ole Seehausen na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1997. Kwa hiyo aina ya samaki yaweza kupotea pasipo hata mmoja kuvuliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Shamba letu nyumbani lina hatua 140 tu toka majini hadi barabarani, na baba ana watoto saba. Mimi naona ukanda ule usiitwe pori la bure: matete hukatwa kwa kuezekea, mafunjo kwa mikeka, na mizizi hubaki kazini. Baba amekubali kuacha hatua 30 mwaka huu. Zilizobaki tunazungumza.