Saraka ikifungwa, programu hukwama: Chanzo na tiba

MUUNDAJI wa programu huweza kuijaribu kazi yake mara kumi kwenye tarakilishi yake ikafaulu, kisha ikakwama siku anapoikabidhi kwa umma. Aghalabu kosa haliko katika programu yenyewe, bali katika skripti inayoiunda, ambayo imezoea kuandika mahali isipostahili.

Programu huzaliwa kutokana na faili za msimbo zilizohifadhiwa katika saraka moja, yaani kabrasha kuu la mradi. Skripti ya uundaji huandaa faili nyingine zinazohitajika kabla ya kompaila kuanza kazi. Iwapo saraka hiyo imefungwa ili isomwe tu, jaribio lolote la kuandika humo hukataliwa na mfumo endeshi, nayo kazi yote husimama.

Mbona basi saraka ifungwe? Sababu ni uaminifu. Ghala na jiko ni vyumba viwili. Mpishi huchota unga ghalani, lakini hapiki humo. Skripti inayobadilisha msimbo huku ikiunda programu humwacha mtumiaji bila hakika kwamba alichokipata kimetokana na msimbo ule ule alioukagua.

Mfano bora ni lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka wa 2015. Chombo chake cha uundaji, Cargo, huendesha kwanza skripti iitwayo build.rs, iwapo mradi unayo. Kanuni ni kwamba skripti hiyo iandike tu katika saraka inayotajwa na kigeu OUT_DIR. Docs.rs, huduma inayochapisha nyaraka za maktaba za Rust, huunda kila maktaba huku saraka ya msimbo ikiwa imefungwa. Skripti inayokaidi kanuni huanguka, na wasomaji wakakosa nyaraka za toleo hilo.

Tiba si ngumu. Kila faili inayozalishwa na skripti ielekezwe OUT_DIR, na msimbo uisome kutoka huko huko. Iwapo skripti hutegemea maktaba ya lugha ya C ambayo huundwa ndani ya saraka yake tu, basi faili za maktaba hiyo zinakiliwe kwanza hadi OUT_DIR, ndipo uundaji uanze.

Wapo wanaokimbilia kufungua ruhusa zote au kuendesha kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Huko ni kuficha maradhi. Msimamizi huruka vizuizi vya ruhusa, hivyo kosa halionekani kwake. Hata hivyo, diski iliyopachikwa kwa kusomwa tu humkatalia hata yeye.

Njia ya busara ni kujipima mapema. Ondoa ruhusa ya kuandika katika saraka ya msimbo kwa amri ya chmod, elekeza matokeo kwingine kupitia kigeu CARGO_TARGET_DIR, hakikisha faili ya Cargo.lock ipo tayari, kisha unda programu ukiwa mtumiaji wa kawaida. Waundaji wanaotumia Automake wana kipimo cha aina hiyo katika amri ya make distcheck, ambayo huifunga saraka ya msimbo kabla ya kujaribu kuunda.

Dakika chache za jaribio hilo humwondolea mwandishi aibu ya kuarifiwa na wageni kwamba kazi yake haiundiki. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.