Kazi Moja, Bahasha Nzito

Jirani yetu mmoja hapa Dar es Salaam, mama muuza vitumbua, alitujia mwezi uliopita na bahasha ya kaki. Bintiye alikuwa akiomba kazi ya kupokea fedha katika duka moja la jumla lenye wafanyakazi wasiozidi sita, naye akatusihi tuikague bahasha kabla haijafungwa.

Tuliyoyakuta ndani yalitushangaza. Barua iliyoandikwa kwa mkono, wasifu, nakala za vyeti vya kidato cha nne na vya chuo, kila ukurasa umegongwa muhuri wa wakili, nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha NIDA, picha nne za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, barua za wadhamini wawili wenye nyumba. Kisha fomu ya kurasa saba iliyouliza upya yote yaliyokwisha andikwa, na kuongeza: Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini?

Kila karatasi ina bei yake. Wakili hulipwa, mpiga picha hulipwa, mtoa kopi hulipwa, na daladala haimpandishi mtu kwa kuwa hana kazi. Fedha zile zilitoka katika mtaji wa mchele na nazi, na kwa siku tatu mama yule hakuwasha jiko.

Hatukatai tahadhari. Anayeshika fedha za watu ameshika amana, na duka dogo likiibiwa mara moja huenda lisiinuke tena. Lakini mdhamini hutafutwa kwa aliyechaguliwa, si kwa kila aliyebisha hodi. Tunashuku kwamba wengi wameyanakili tu matangazo ya taasisi kubwa, zenye idara nzima ya kusoma bahasha hizo.

Ama yale maswali ya ndoa na uzazi, hayo si adabu tu yaliyokosekana. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa, ujauzito au dini, na kinamlinda hata mwombaji kazi.

Wenye maduka ni miongoni mwa wasomaji wetu, nasi twawaomba: pokeeni barua fupi yenye namba ya simu, mwiteni mtu, mpeni fedha azihesabu mbele yenu. Vyeti na wadhamini mwombeni yule mmoja mliyemridhia. Na waliokosa, wajibuni.

Wiki ya tatu tulimsindikiza binti kwenda kuulizia. Kijana wa mlangoni aliinama, akaivuta bahasha kutoka rundo lililokuwa chini ya meza, akaturudishia: nafasi imeshajazwa. Gundi ilikuwa haijabanduliwa. Nyumbani mama yake aliifungua taratibu kwa ncha ya kisu, akazitoa zile picha nne, akazihifadhi ndani ya kanga kwa ajili ya ombi lijalo.