Timu zinahama, mashabiki wanabaki: Kwa nini imani ya wapenzi wa soka Singida inayumba

Na Mwandishi Wetu, Rungwa

KATIKA kipindi cha miaka minane, kati ya 2017 na 2025, wakazi wa Mkoa wa Singida wameombwa kushangilia Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa majina manne tofauti: Singida United, Singida Big Stars, Singida Fountain Gate na Singida Black Stars.

Shabiki aliyenunua jezi kila jina lilipotangazwa, leo anazo jezi nne kabatini, na tatu kati ya hizo hazina tena timu ya Ligi Kuu yenye jina hilo.

Hilo ndilo linalowafanya wapenzi wengi wa soka mkoani humo wajiulize iwapo timu wanayoishangilia ni yao kweli, au wao ni watazamaji tu wa biashara ya watu wengine.

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa Rungwa, kijiji kilichopo kusini kabisa mwa mkoa, jirani na Pori la Akiba la Rungwa, kwenye barabara ya kutoka Itigi kwenda Makongolosi, Chunya na hatimaye Mbeya.

Kutoka hapa hadi Singida mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 250. Kwa mkazi wa Rungwa, kwenda uwanjani si jambo la kufunga duka saa tisa alasiri na kurudi jioni. Ni nauli, chakula, malazi na siku mbili au zaidi za kazi zilizopotea. Ndiyo maana wengi huitazama ligi katika vibanda vya kuoneshea mpira, maarufu kwa jina la vibanda umiza.

Aidha, kijiji hiki kipo kati ya mkoa ulioipokea timu na mkoa ulioipoteza. Singida Black Stars ya leo ilitoka Mkoa wa Mbeya, ambako ilijulikana kwa jina la Ihefu.

Ili kuelewa chanzo cha manung'uniko, ni vyema kuzitazama hatua hizo moja baada ya nyingine.

Singida United ilipanda Ligi Kuu na kucheza msimu wa 2017/18 ikinolewa na Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekuwa ametoka Yanga. Mkoa ulirejea katika ramani ya soka kwa kishindo, na Uwanja wa Namfua ukapata uhai mpya.

Msimu huo timu ilimaliza miongoni mwa tano za juu na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Arusha Juni 2018. Ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Furaha haikudumu, kwani mwaka 2020 Singida United iliteremka daraja.

Mwaka 2022 mkoa ulipata timu nyingine, lakini safari hii haikupanda kutoka mashinani mwa Singida. DTB, timu ya Dar es Salaam iliyokuwa imepanda daraja, ilihamishiwa Singida na kupewa jina la Singida Big Stars. Makao yake yakawa uwanja ule ule wa Namfua, ambao sasa unaitwa Liti, jina la Liti Kidanka, mwanamke shujaa wa Wanyaturu aliyepambana na Wajerumani.

Timu hiyo ilimaliza ya nne msimu wa 2022/23, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla haijacheza mechi hizo ilikuwa imebadilishwa jina na kuitwa Singida Fountain Gate.

Msimu wa 2023/24 ndio uliowachanganya mashabiki zaidi. Ihefu, iliyokuwa na makao yake Ubaruku wilayani Mbarali, ilihamia Singida katikati ya msimu, huku Singida Fountain Gate ikiondoka. Baadhi ya wachezaji waliokuwa wakiichezea Singida Fountain Gate, akiwamo Marouf Tchakei na Duke Abuya, nao walihamia Ihefu.

Kwa maneno mengine, timu yenye jina la Singida ilikuwa ikicheza nje ya Singida, na timu isiyo na jina hilo ilikuwa ikicheza ndani ya Singida ikiwa na baadhi ya wachezaji wa ile ya kwanza. Ilipofika msimu wa 2024/25, Ihefu ikawa Singida Black Stars, na Fountain Gate ikaenda Babati mkoani Manyara bila jina la Singida.

Haki inadai isemwe kwamba kwa upande wa matokeo mkoa haukupata hasara. Singida Black Stars ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Zanzibar na kufungwa na Yanga mabao 2-0, kisha Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame.

Hata hivyo, kilichowafurahisha watu wa Singida kimewaacha wengine na majonzi. Ihefu haikuwa timu ya kupita. Novemba 29, 2022, katika Uwanja wa Highland Estate, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mlolongo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga ilikuwa haijapoteza. Oktoba 2023 iliifunga tena kwa matokeo yale yale. Miezi michache baadaye, wakulima wa mpunga wa Mbarali walioshuhudia maajabu hayo hawakuwa na timu.

Kwa nini mambo haya yanawezekana? Jibu la kwanza ni fedha. Kuendesha timu ya Ligi Kuu kunahitaji mishahara, kambi, usafiri wa nchi nzima na ada za usajili. Mapato ya mlangoni katika miji midogo hayawezi kubeba mzigo huo. Fedha za haki za televisheni zimeongezeka, hasa baada ya mkataba wa mwaka 2021 kati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, lakini klabu nyingi bado humtegemea mfadhili mmoja. Akichoka au akihama, timu nayo huchoka au huhama.

Mfano wa wazi ulionekana Agosti 2023. Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamia Tabora na kuitwa Tabora United, iliingia uwanjani Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kutokana na matatizo ya usajili. Mechi ilivunjika mapema ikiwa nyuma kwa mabao 4-0, baada ya wachezaji wake kupungua chini ya idadi inayoruhusiwa kisheria.

Jibu la pili ni umiliki. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ni klabu za wanachama. Hata zilipoingia katika mfumo wa uwekezaji, utaratibu uliowekwa na Serikali ni wanachama kubaki na asilimia 51 na wawekezaji kutozidi asilimia 49. Timu iliyoanzishwa na kampuni au kununuliwa na mtu binafsi haina wanachama wa kulindwa. Mkazi wa Singida ana sauti ya kushangilia, lakini hana kura.

FIFA inazo kanuni zinazokataza klabu kujipatia nafasi katika ligi kwa kubadili jina, makao au umbo lake la kisheria kwa namna inayoharibu uadilifu wa mashindano. Lakini uamuzi katika kila nchi umeachwa mikononi mwa shirikisho husika. Hivyo mlango wa kuzuia au kuruhusu uko TFF.

Manung'uniko hayaishii kwenye kuhama kwa timu. Mei 8, 2021, mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa siku hiyo hiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga ilifika kwa muda wa awali na kuondoka, na mechi haikuchezwa. Machi 8, 2025, Simba iligoma kucheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Ilichezwa Juni 25 na Yanga ikashinda 2-0. Katika matukio yote mawili, aliyekuwa amesafiri kutoka mikoani alirudi kwao na tiketi mkononi.

Ugonjwa huu si wa Tanzania peke yake. Nchini Marekani, mashabiki wa besiboli wa Brooklyn walipoteza Dodgers iliyohamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Wenzao wa Oakland waliipoteza Athletics baada ya msimu wa 2024. Juni 2023 mashabiki hao waliugeuza mgomo kichwa chini miguu juu: badala ya kususa, walijaa uwanjani kwa maelfu, ili kuonesha kwamba watazamaji wapo na kumtaka mmiliki auze timu. Timu iliondoka hata hivyo.

Nchini Uingereza, Wimbledon iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, mashabiki walianzisha klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini na kufika ligi za kulipwa mwaka 2011. Ujerumani nayo, tangu mwaka 1998 ilipoziruhusu klabu kuwa kampuni, inataka wanachama wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji, isipokuwa kwa klabu chache zilizopewa msamaha.

Tanzania haihitaji kuiga kila kitu. Wawekezaji wanahitajika, na bila wao huenda Singida isingeona hata hizo timu zilizopita. Lakini yapo mambo yanayowezekana: kuzuia timu kuhama katikati ya msimu, kuweka idadi ya miaka ambayo klabu italazimika kubaki mkoani baada ya kuhamia, na kuwapa mashabiki waliosajiliwa nafasi ya kusikilizwa kabla jina au makao hayajabadilishwa.

Vinginevyo, kijana wa Rungwa atafanya kile ambacho vijana wengi wa mikoani wamekwisha kufanya. Atachagua Simba au Yanga, ambazo hazihami, au atavaa jezi ya klabu ya Uingereza. Na siku Singida Black Stars itakapomhitaji, itamkuta amekwisha kuwa wa wengine.