Maadili ya Fiziotherapia Hupimwa kwa Idadi ya Mahudhurio

Yakitajwa maadili ya fiziotherapia, wengi hufikiria suala la kushikwa: mgonjwa amevua nguo na kulala kitandani, mkono wa mtaalamu uko kiunoni mwake, mlango umefungwa. Si ajabu, kwani taaluma yenyewe ilizaliwa katika hofu hiyo. Mwaka 1894, jijini London, nyumba za kukandia watu zilikuwa zikitumika kuficha ukahaba, na wauguzi wanne wakaanzisha chama ili kulinda heshima ya kazi yao. Walijiwekea kanuni: kutokanda mtu bila maelekezo ya daktari, kutokanda wanaume ila kwa dharura, kutojitangaza katika magazeti ya kawaida, na kutowauzia wagonjwa dawa. Tazama mbili za mwisho. Hazihusu mwili hata kidogo. Zinahusu fedha, na nadhani hapo ndipo penye mtihani mgumu zaidi hadi leo.

Malaria ikiisha, kipimo cha damu husema. Maumivu ya mgongo hayana kipimo cha namna hiyo, kwa hiyo anayeamua kama mgonjwa arudi wiki ijayo mara nyingi ndiye huyohuyo anayelipwa akirudi. Mwaka 1992 watafiti Jean Mitchell na Elton Scott walichapisha uchunguzi wao wa jimbo la Florida, Marekani, ambako madaktari walikuwa na hisa katika vituo walikowapeleka wagonjwa wao. Katika vituo hivyo, mahudhurio kwa kila mgonjwa yalizidi ya vituo vingine kwa asilimia 39 hadi 45. Mtu anaweza kusema kwamba pengine wagonjwa hao walitunzwa vizuri zaidi. Hoja ingekuwa na uzito kama uchunguzi huohuo usingeonyesha kuwa, katika vituo visivyo na hisa za madaktari, wataalamu wenye leseni walitumia muda mrefu zaidi, kwa takriban asilimia 60, katika kila hudhurio. Safari nyingi, tiba kidogo.

Wapo pia wataalamu wanaojitetea kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye anayetaka kutibiwa kwa mashine. Ni kweli, mashine hutuliza moyo. Lakini tangu 2016 mwongozo wa kitaifa wa tiba nchini Uingereza unashauri wenye maumivu ya kiuno wasipewe tiba ya mawimbi ya sauti wala ya kuvutwa uti wa mgongo, na unatilia mkazo mazoezi. Ridhaa ya mtu ambaye hakuambiwa hayo ni ridhaa ya jina tu.

Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia tangu 2014, pamoja na baraza la kuwasimamia. Ni hatua kubwa, ila hakuna baraza linaloweza kuketi katika kila chumba cha tiba. Kinachosaidia ni faili: siku ya kwanza liandikwe lengo linaloonekana, kama vile kuinuka kitini bila kushika kitu au kupanda ngazi za nyumbani, na kila baada ya muda lipimwe. Likifikiwa, mgonjwa aagwe. Lisiposogea, tiba ibadilishwe au apewe rufaa. Nawe msomaji, kabla ya kulipia hudhurio la pili, uliza lengo lako ni lipi na mtajuaje kuwa limefikiwa. Mtaalamu mwaminifu hatakasirika.